Salamu ya Kukaa

Mama Séphora Katungu alifikisha miaka hamsini na saba bila kuvuka maji yanayopita magoti. Msimcheke. Watu wa Masereka wako hivyo wote. Huko juu maji ni kitu cha kuchota, si kitu cha kupanda. Yeye alichopanda ni milima, tangu akiwa msichana, kamba ya kapu ikimkaa kwenye paji la uso na viazi vikimlemea mgongoni. Hata alipoolewa akashuka Butembo na kupata meza yake sokoni, meza ya viazi na puaro, kile kitunguu cha majani marefu, aliendelea kutembea kichwa mbele na kiuno nyuma hata mahali palipo tambarare. Wateja walimjua kwa mbali kwa mwendo huo.

Sasa mwanamke huyo, mwezi wa nane mwaka wa 2003, ndiye aliyetakiwa kuamua kama atapanda baleinière, ile mashua kubwa ya mbao yenye moteri, ashuke mto Kongo kutoka Kisangani mpaka Mbandaka. Siku kumi na tano juu ya maji. Jamani!

Sababu ilikuwa nguo nyeusi. Mume wake, Mwalimu Cyrille, alikufa mwaka wa 1999 kwa ugonjwa wa figo, wakati vita vimekata njia zote na dawa zilikuwa zikifika Butembo kama kwa bahati. Cyrille hakuwa mtu wa huku. Serikali ilimtuma kutoka jimbo la Équateur kufundisha shule ya msingi, akashuka kwenye lori na sanduku moja na kikohozi, kwa maana baridi yetu ilimpokea vibaya. Kwao ni kijiji cha wavuvi, chini kidogo ya Mbandaka, kando ya mto kabisa. Na desturi ya kwao ni kwamba mjane havui nyeusi mwenyewe. Anayemvua ni dada wa marehemu, kwa mikono yake, baada ya kusikia kutoka kinywani mwa mjane jinsi ndugu yake alivyokufa. Cyrille alimwomba hilo kitandani, na Séphora akamwahidi.

Lakini mto ulikuwa umefungwa. Upande huu waasi, upande ule serikali, katikati bunduki. Miaka minne mama huyu aliuza viazi akiwa amevaa nyeusi, mpaka nyeusi yenyewe ikawa rangi ya majivu. Halafu katikati ya mwaka ule tukasikia redioni kwamba mto umefunguliwa, na baada ya wiki chache ikafika barua, imepita mikononi mwa mapadri watatu. Ilitoka kwa Josée, dada mkubwa wa Cyrille. Binti wa Séphora, Monique, muuguzi katika kituo kimoja cha afya huko Beni, ndiye aliyemsomea. Josée aliandika kwamba habari ya kifo imemfikia kama uvumi, na hawezi kulia uvumi. Miguu yake imevimba, hawezi kupanda mto. Alimwomba wifi yake aje kabla yeye naye hajaondoka duniani.

Séphora aliikunja barua akaiweka ndani ya misale yake, kitabu chake cha misa. Alitaka kwenda. Aliogopa pia, aliogopa sana, na hakuona haya kulisema. "Maji haina kitu ya kushikilia," alimwambia Monique. "Ku mulima ukianguka unashika jani. Mu maji utashika nini?"

Mtu wa safari hiyo alikuwa Syauswa, mfanyabiashara wa maharagwe ambaye zamani, kabla ya vita, alishuka mto mara sita. Sasa alikuwa akikusanya watu ishirini: watapanda ndege ndogo ya mizigo kwenye uwanja wa Rughenda mpaka Kisangani, na huko baleinière inawangoja. Ungedhani atamsifia Séphora uzuri wa mto ili apate abiria. Hapana. Alikuja mezani pake sokoni, akavuta kigunia akakaa, akaanza kumhoji kama padri anavyohoji wachumba.

"Mama, mi sipendi kudanganya mutu. Ile safari haiko ya kila mutu. Nakuuliza, unajibu. Unaweza kukaa siku kumi na tano bila kutembea?"

"Kutembea kwenda wapi?"

"Njo ile. Hakuna wapi. Unaweza kula samaki asubuhi, saa sita na mangaribi?"

"Majani ya sombe haiko?"

"Sombe iko kama tumefika ku port. Kama hatuyafika, samaki."

"Na choo?"

"Iko nyuma. Magunia ine na tundu. Chini yake, mto."

Mama Séphora alijishika shavu. "Yesu Maria!"

"Bon. Tukikwama ku muchanga siku tatu, utanisumbua?"

"Nitakusumbua," alijibu Séphora, na hakutania.

Syauswa alicheka mpaka akafuta macho. Alisema huyo ndiye abiria wa kwanza aliyemjibu ukweli, wengine wote wanaapa kwamba watakuwa malaika. Halafu akaacha kucheka. "Mama, sikiliza. Safari ya ku mutoni haiko ya kwenda. Ni ya kukaa. Mutu mwenye hajui kukaa atajisumbua, na atatusumbua shiye bote. Donc, fanya hivi: shuka ku Kyavinyonge, kule ku ziwa, panda mutumbu siku moja tu, halafu unipatie jibu siku ya Mungu."

Kabla hajafika Kyavinyonge kulikuwa na kisiki kingine cha kuruka, nacho kilikuwa ndugu yake.

Kasika alikuwa kaka yake mkubwa na, tangu baba yao afe, ndiye mkubwa wa familia kule Masereka. Mtu mrefu, mkavu, mwenye koti moja la misa na neno moja kwa kila jambo. Alikuja Butembo kwa miguu, kwa maana mwezi wa sita risasi zilikuwa zimesikika upande wa Kanyabayonga na bado malori hayakuaminika. Séphora alisimama alipomwona mlangoni, akampa mikono miwili, akainama, kama tulivyolelewa. Mkubwa akiingia, unasimama. Mwenye homa anasimama. Mwanamke anayenyonyesha anasimama na mtoto wake titini. Ndivyo ilivyo.

"Séphora," alisema Kasika, "umeshavaa ile nguo miaka ine. Padri anaweza kukuvula kesho ku misa, mbele ya batu bote. Unatafuta nini kule? Mutu mwenye hakujua kusimama mbele ya baba yetu, familia yake iko na heshima gani ya kukupatia?"

Na hapo, wapenzi, ndipo kidonda kilipokuwa. Mwaka wa 1976 Cyrille alikwenda Masereka kuposa, na mbuzi wake na kasiksi yake, pombe ya ndizi, na shati lililopigwa pasi. Katekista alipoingia, Cyrille alisimama. Mwalimu mkuu alipoingia, alisimama. Baba wa Séphora alipoingia, nyumba nzima ikasimama, na Cyrille akakaa! Alikaa kwenye kigoda, akakishika pande mbili kwa mikono yake, akainamisha kichwa. Pale ndani mbuzi tu ndio walioendelea kusema. Mzee alipokea mbuzi, lakini tabia ile hakuipokea mpaka anakufa.

Na haikuwa mara moja. Miaka ishirini na mitatu Cyrille alisimama mbele ya inspecteur wa shule, mbele ya padri, hata mbele ya kijana mwenye bunduki. Lakini kila Kasika alipoingia nyumbani kwake, Cyrille alikaa, akashika kiti pande mbili, akainama. "Kumbe magoti iko nayo," Kasika alikuwa akisema. "Ni mi tu mwenye ananikatalia." Séphora aliona aibu kila mara. Siku moja, bado wachumba, alimwuliza Cyrille kwa ukali, naye akamjibu, "Kwetu tunasalimia vile." Séphora akamwambia, "Hapa haiko kwenu." Basi. Cyrille hakuwa mtu wa kubishana, naye Séphora hakuuliza tena.

Kilichomuuma zaidi kilikuwa cha mwisho. Siku mbili kabla ya kufa, Cyrille hawezi hata kugeuka, Kasika akaingia chumbani. Cyrille akanyoosha mikono, ile mikono iliyobaki mifupa, akashika kingo mbili za kitanda na kushusha macho. Kasika akatoka. Na Séphora, kwa uchovu na kwa aibu, akamwambia mumewe, "Hata sasa, Cyrille? Hata sasa?" Mgonjwa alitabasamu kidogo tu. Siku ya maziko Kasika alikuja, akatupa udongo, akaondoka bila kuonja chakula. Huku kwetu hilo ni kusema kwa sauti kubwa.

Kwa hiyo Séphora alimsikiliza kaka yake hadi mwisho. Alisema tu, "Yaya, niache kwanza nijaribu maji."

Alhamisi wakashuka Kyavinyonge, yeye na Monique, juu ya lori la watu wanaokwenda kununua samaki. Kutoka Kyondo barabara inateremka mpaka masikio yanaziba, na kila kona joto linaongezeka. Séphora alikuwa amebeba blanketi mbili, mbabula ya kupikia, makaa na viazi vya kutosha familia ya watu tisa, kwa siku moja. "Mama, tunarudia kesho," alisema Monique. "Nani amekuambia?" alijibu mama yake. Mtu wa mlima habebi kidogo, kwa maana hajui ukungu utamfungia wapi.

Na ziwa lilikuwa pale chini, kubwa, halina ukingo wa ng'ambo. Ndege marabu wakitembea kati ya wanunuzi kama wenye mali, viboko wakipiga miayo mbali kidogo. Walielekezwa kwa mvuvi mmoja mzee, jina lake Maliro, mtu mfupi mwenye mabega mapana, aliyekuwa anashona wavu.

"Munaenda kuvua?" aliuliza Maliro.

"Hapana, Papa. Tunaenda kukaa."

Maliro aliwatazama, akatazama mbabula, akacheka puani. Mbabula ilibaki ufukoni.

Saa ya kwanza Séphora hakuona ziwa. Aliona mbao za chini ya mtumbwi na vidole vyake mwenyewe. Alitapika chai yote aliyokunywa. Magoti yalimuuma kwa kukunjwa, jua lilimchoma kupitia ile nguo nyeusi, na harufu ya samaki ilikuwa imeingia hata kwenye kitambaa chake cha kichwa. Monique, ambaye ni damu ya baba yake, alikuwa amekaa akitazama mbali kama aliyezaliwa humo, na hilo nalo lilimuudhi Séphora. Moyoni alikwisha kuamua: hapana. Angemwambia Syauswa hapana, angekwenda kwa padri, na Josée angemsamehe au asimsamehe.

Ndipo mtumbwi mwingine ukatokea, ukiwakaribia polepole. Mbele alikaa mzee mwenye ndevu nyeupe, mkubwa wa wavuvi wa pale, mtu ambaye mtaa mzima wa samaki unamjua. Maliro akasema kwa sauti ndogo, "Ni muzee wetu," na mtumbwi ule ukawa sasa karibu kabisa, mzee amewaelekea.

Mkubwa amefika. Mama Séphora Katungu, mtoto wa Masereka, aliyelelewa vizuri, alifanya alichofundishwa. Alisimama. Alisimama wima, akanyoosha mikono miwili, akaanza kumwamkia, "Wasibire, Tata..."

Mtumbwi ukalala upande mmoja. Monique akapiga kelele, maji yakaingia ubavuni, Maliro akamkamata Séphora kwa nguo na kumvuta chini kwa nguvu mpaka makalio yakagonga mbao. "Kikala, Mama! Kikala! Unataka kutuua?" Mtumbwi ukayumba huku, ukayumba huku, kisha ukatulia. Wote watatu wakabaki wanapumua.

Na katika utulivu ule Séphora akaona. Maliro aliweka kasia miguuni. Alijishusha, akakaa chini zaidi, akashika mbavu mbili za mtumbwi, mkono huku na mkono huku, akainamisha kichwa mbele ya mzee. Yule mzee mwenye ndevu nyeupe akafanya vilevile: akashika, akainama. Wakakaa hivyo kitambo kidogo, mitumbwi miwili imegusana. Halafu wakasemeshana habari za nyavu na kuachana.

Séphora akamgeukia mvuvi.

"Papa Maliro," alisema mwishowe. "Ile umefanya. Ni nini?"

"Ni salamu, Mama. Ni nini tena?"

"Sababu gani unashika vile?"

Maliro alikuwa akikumba maji kwa kibakuli, bado amekasirika kidogo. "Mutu mwenye anasimama mu mutumbu anazamisha benzake. Donc mutu wa kukuheshimia anakaa. Anakaa chini kabisa, anashika mbavu mbili, anatuliza mutumbu. Ni kusema: mi niko hapa, hautaanguka kwa sababu yangu. Nilifanyaka kazi ku fleuve, ule muto mukubwa, miaka saba, kule na bo banasalimia vile, hata mu nyumba. Kusimama ni ya batu unaogopa tu, bakubwa ba serikali, basoda. Lakini mutu unapenda, unamukalia."

Séphora akarudia neno moja. "Hata mu nyumba."

"Hata mu nyumba."

Basi akalia. Alilia kwa sauti, mikono kichwani, mchana kweupe katikati ya ziwa. Maliro alidhani ni hofu, akaanza kumtuliza kwamba ufuko hauko mbali. Monique alikuwa ameelewa. Alikumbuka kiti, alikumbuka na kitanda. Alisogea taratibu, bila kusimama, akamshika mama yake kiuno.

"Nilimusemea vibaya," alisema Séphora. "Mutoto wangu, alikuwa anakufa na nilimusemea. Alikuwa anamutuliza yaya mutumbu, na mikono yenye haina nguvu, na mi nikamusemea."

Miaka ishirini na mitatu! Cyrille aliweza kusimama, alikuwa anajua kusimama, aliwasimamia wote aliowaogopa. Waliopewa kilicho bora cha kwao ni wawili tu, mkwe na shemeji, na ndio waliokasirika. Séphora alijiambia kwamba neno moja tu lingetosha, "kwa nini", na hakulisema. Alijichukia. Halafu, polepole, kadiri jua lilivyoshuka na maji kutulia, akaanza kuwaza kijana yule aliyeshuka kwenye lori na kikohozi. Hakuna aliyemwuliza kama milima inamfaa. Alikaa tu mpaka mwisho, ameshika kiti.

Walipofika ufukoni alikuwa bado anatapika.

Siku ya Mungu, baada ya misa, alimkuta Syauswa nje ya kanisa. "Nimejaribu," alimwambia. "Kichefuchefu iko, magoti inauma, samaki ya asubuhi siwezi, na maji nayaogopa kuliko zamani."

"Bon," alisema Syauswa, "ndio maana nilikutuma. Haiko aibu, Mama. Nitatafuta mutu mwingine."

"Mi nimekuambia siendi? Ukiuliza mwili yangu, safari haiko yangu. Lakini kukaa, nimejua. Uniandike."

Siku ya kuondoka ilikuwa Jumanne asubuhi. Pale Rughenda abiria walikaa juu ya mizigo yao pembeni mwa uwanja, askari wawili wakizungukazunguka, ndege ndogo ikipakiwa maharagwe. Séphora alikaa juu ya gunia la viazi vya Masereka, zawadi kwa Josée, Monique kando yake. Binti alikuwa ameomba ruhusa kazini ampeleke mama yake mpaka Mbandaka. Ukungu ulikuwa bado haujainuka vizuri.

Kasika akatokea kutoka barabarani, koti la misa limejaa tope mpaka magotini. Alikuwa ametembea tangu alfajiri kuja kumkataza. Watu wa kwetu waliokuwa pale walimwona mkubwa anakuja, wakasimama mmoja mmoja. Hata Syauswa alisimama.

Séphora akabaki amekaa. Akajishusha zaidi, akashika masikio mawili ya gunia, mkono huku na mkono huku, akainamisha kichwa.

Kasika alisimama mbele ya dada yake kwa hasira. "Na weye?" alisema. "Sasa na weye?"

"Yaya," alisema Séphora bila kuinua kichwa, "mu mutumbu, mwenye kusimama anazamisha benzake. Mwenye kukaa na kushika, anasema: hautaanguka kwa sababu yangu. Kwabo banasalimia vile batu benye banapenda. Benye banaogopa, banabasimamia. Alikusalimia vile miaka makumi mbili na tatu. Hata siku ile ku kitanda, na mikono ile. Kosa haiko yako. Ni mi njo sikumuulizaka sababu."

Kasika alitazama ile mikono iliyoshika gunia. Alitazama muda mrefu mpaka rubani akaanza kuita majina, na abiria wakaanza kubeba mizigo yao huku wakigeuza vichwa.

Halafu yule mtu mrefu akakunja magoti. Ilimchukua muda, magoti yalilia. Akakaa chini kwenye nyasi zenye umande, mbele ya wote, na koti lake la misa. Mikono yake ilitafuta cha kushika na haikupata, basi akashika nyasi, mkono huku na mkono huku, akainamisha kichwa.

"Hii," alisema, "umupelekee dada yake."

Séphora aliitwa wa mwisho. Monique alimsaidia kupandisha gunia, mlango ukafungwa, ndege ikakimbia ikaingia ukungu. Kasika alikuwa bado amekaa, nyasi mkononi.